Baiskeli ya Wekoye

Koplo Fardosa Hashim alipoingia lango la kituo asubuhi hiyo akiwa juu ya blekmamba yake, ile baiskeli nyeusi ya kizamani, askari wa getini alikuwa amekwisha kuandaa mzaha.

"Koplo! Leo umesahau kufunga kreti ya mkate huko nyuma!"

"Nimeushusha kwako. Mke wako amepokea."

Wacha wacheke. Fardosa alikuwa amechoka kungojea pikipiki kwenye matope ya mtaani kwao, nyuma ya msikiti wa Bungoma, akakata shauri. Siku yake ya mapumziko mwezi wa tano alikwenda Kitale, akarudi na baiskeli kuukuu ya kiume, nzito, yenye breki za vyuma, imepakwa rangi ya kijani kama mlango wa choo cha shule. Kaka yake Naim, ambaye ni fundi wa baiskeli, aliizunguka mara moja akamuuliza kama kweli amenunua baiskeli ama amenunua kutu. Kisha wakakunja mikono ya mashati. Kila Jumamosi ya mwezi wa sita waliketi uani wakiifungua: gololi zikaloweshwa kwenye mafuta ya taa, mnyororo ukasuguliwa kwa mswaki, spoku zilizopinda zikanyooshwa moja moja. Kijani kile kilibanduka kwa ukucha. Chini yake wakakuta nyeusi ya kiwandani, yenye mistari ya dhahabu, na Fardosa akaipenda papo hapo. Majirani walisema haifai, mwanamke mwenye mtandio kupandisha mguu juu ya paipu ya kiume. Fardosa aliwaambia asiyependa ageuke upande ule.

Sasa aliiegemeza chini ya dirisha la ofisi, akaanza kuifunga mnyororo. Hapo mwanamke mmoja akainuka kwenye benchi la wageni, akaja moja kwa moja, akashika usukani kwa mikono miwili.

Kila askari wa kituo kile alimjua Roselyne Nabwile wa Matulo. Tangu Februari alikuwa akija kuripoti kwamba mumewe, Wekoye, mchuuzi wa mayai, amepotea. Na kila akija aliambiwa neno moja: mume hajapotea, ameondoka kwa baiskeli yake akavuka kwenda Uganda kwa mwanamke mwingine, na kaka yake, Wakoli, ana ujumbe wake kwenye simu. Nenda nyumbani, mama. Roselyne alikuwa haendi nyumbani. Alikuwa anakaa.

"Hii ni ya Wekoye," akasema.

"Mama Roselyne, hizi baiskeli zinafanana."

"Zinafanana kwako. Mimi nimeiosha tangu niolewe."

"Nimeinunua Kitale, kwa mshahara wangu."

"Sijakuita mwizi. Nimesema ni ya Wekoye."

Watu walikuwa wameanza kusogea, maana watu na vurugu ni kama nzi na uji. Fardosa akashusha sauti. "Basi niambie kitu ambacho mtu hawezi kukiona kwa macho."

"Toa kiti," Roselyne akasema bila kufikiri. "Ndani ya hilo bomba kuna kipande cha mkebe wa kakao, kimezungushwa, ndio kiti kisicheze. Nilikata mimi, na makasi yangu ya kushona. Makasi yakaharibika, nikamnunia Wekoye mpaka akaninunulia mengine."

Hakukuwa na haja ya kutoa kiti. Naim alikuwa amekishika kipande kile kwa vidole vyake, kingali na picha ya kikombe chekundu, akauliza kama akitupe; Fardosa ndiye aliyesema kirudishwe.

"Sasa nijibu na wewe," Roselyne akasema, na sauti yake ilifika getini. "Mlisema ameenda Uganda na baiskeli. Baiskeli iko hapa. Yeye ako wapi?"

*

Inspekta Gathii alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu. Kisha akaikata kesi vipande.

"Mtu mzima amechoka na nyumba yake. Anapanda baiskeli mpaka Kitale, anaiuza apate nauli, anapitia Suam anaingia Uganda. Baiskeli yako haijapinga hata neno moja. Imekubaliana na Wakoli."

Hilo lilikuwa jibu zuri, na jibu zuri lilimuudhi Fardosa kuliko jibu baya.

"Na Uganda anaandika ujumbe?" Roselyne akauliza. Alikuwa amewafuata ndani bila kualikwa. "Tangu lini Wekoye akaandika? Yeye alikuwa anapiga tu. Akitaka kuandika ananipa mimi simu. Nikimpigia sasa imezimwa. Kwa kaka yake ndio inaandika."

"Mama, mwanamume akiwa na mwanamke mpya, huyo mpya anaweza kumwandikia."

"Sawa. Kesho wanapima shamba," Roselyne akasema, akimgeukia Fardosa kana kwamba Inspekta ni kabati. "Shamba bado liko kwa jina la baba yao. Wakoli anasema Wekoye amekubali liuzwe, ako na ujumbe wa mwezi wa tano, wazee wameusoma. Ameuza yote, na nyumba yangu ndani. Amebakisha kona moja tu ya migomba, pale choo cha zamani kilikuwa. Nimeambiwa nitoke kabla mashine ya mpimaji haijafika. Mimi sitoki. Wakitaka wanipime pamoja na mahindi."

"Wakoli anakutesa?" Fardosa aliuliza.

"Hapana, ana roho nzuri!" Roselyne akacheka kicheko kisicho na furaha. "Si hata hicho choo alikifukia yeye mwenyewe hiyo Februari, akapanda migomba juu? Ati watoto wangu wasitumbukie."

Gathii akafunga faili. "Koplo, baiskeli iende stoo. Na ujue, kama ni ya wizi, mshukiwa wa kwanza ni aliyekutwa nayo."

"Niandike basi, Afande. Fardosa Hashim, mshukiwa wa kwanza. Na huyo mshukiwa anakwenda Kitale sasa hivi kumtafuta aliyemuuzia. Kama jina litakuwa Wekoye, nitakuomba msamaha kwenye paredi, mbele ya kila mtu."

"Sina gari la kukupa."

"Sijaomba gari."

*

Gichuki, yule aliyemuuzia baiskeli, alikuwa na banda lake nyuma ya soko la Kitale, baiskeli zimening'inia darini kwa magurudumu kama nyama buchani. Alimkumbuka Fardosa vizuri, tena kwa furaha, mpaka alipoonyeshwa kitambulisho cha kazi. Furaha ikahama.

"Ile ya kijani? Aah, ile nilipata kwa Kipkemboi, mtu wa Kachibora. Mzee wa maziwa. Amebebea maziwa miaka na miaka, sasa amenunua pikipiki."

"Maziwa?"

"Maziwa, madam. Mitungi huku na huku."

Fardosa akavuta kibao akaketi. Alikuwa na tabia hiyo: akitaka kukusumbua, anaketi.

"Gichuki, nimeisugua baiskeli ile kwa mikono yangu mpaka kucha zikaisha. Mitungi ya maziwa inaning'inia ubavuni, inakwaruza vyuma vya nyuma. Vile vyuma havina mkwaruzo hata mmoja. Lakini karia imefungwa mpira wa tyubu kila mahali, safu juu ya safu, laini kama godoro. Nani hufanyia maziwa godoro?"

Gichuki akatazama darini.

"Mayai," Fardosa akasema. "Ile ni ya mayai. Na huyo Kipkemboi wako alipaka rangi mpaka juu ya mnyororo na kwenye tairi. Mtu hapaki mnyororo wa baiskeli yake mwenyewe. Anayefanya hivyo ana haraka ya kuificha. Sasa tuanze upya. Uliipata kwa nani?"

"Wewe umekuja na swali la polisi, mimi nikakupa jibu la polisi," Gichuki akanung'unika. "Krismasi moja mlinilaza ndani kwa sababu ya fremu tu! Fremu ambayo nilinunua halali! Tangu siku hiyo hakuna mtu ananiuzia kitu hapa bila kupigwa picha. Anasimama na baiskeli, ananitazama, napiga. Akikataa, aende nayo."

"Kumbe unayo picha, na bado unanitajia Kipkemboi?"

"Kipkemboi yupo kweli," Gichuki akasema kwa unyonge. "Ila yeye aliniuzia ingine."

Akatoa simu, akapekua. Picha ilikuwa ya mwezi wa tatu. Baiskeli ya kijani, rangi ingali inang'aa kwa ubichi, na kando yake mtu ambaye bila shaka hakuwa Wekoye. Kwa maelezo ya Roselyne kituoni, Wekoye alikuwa mtu mzima mwenye mvi na pengo la jino la mbele. Huyu alikuwa wa miaka ya ishirini hivi, masikio makubwa, mkono mmoja juu ya kiti. Hakuwa na uso wa mwizi anayetaka kumaliza biashara akimbie. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kulia. Na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upara kwa wembe, tena na mkono usio wa kinyozi, kwa maana kilikuwa na mikato mibichi huku na huku.

"Alisema nini?"

"Hakusema. Nilimtolea bei mbaya nikidhani atabishana. Akachukua tu. Mimi mwenyewe nikaona haya."

Fardosa akaituma picha ile kwa askari wa getini kule Bungoma, yule wa mkate, akampigia amwonyeshe Roselyne pale kwenye benchi na kumwambia ni ya mwezi wa tatu. Alingoja, akisikia viatu vya askari vikipiga sakafu, kisha sauti ya Roselyne ikaja karibu.

"Huyo ni Wanyonyi! Mtoto wa dada yao kina Wekoye. Ako Bumula, kwa kinu cha unga. Lakini mbona amenyoa? Mwezi wa tatu hakuna mtu alikufa kwetu."

Fardosa alizaliwa na kukulia Bungoma. Alikuwa amekula chakula cha matanga ya majirani tangu utotoni, Waislamu na Wakristo, na alijua watu wa hapo hunyoa lini. Alikata simu. Alimwambia Gichuki asiifute picha ile hata akiambiwa na nani, akatoka bandani mbio.

*

Jua lilikuwa limeegemea upande wa Uganda alipofika Bumula. Kinu kilikuwa kikivuma, na Wanyonyi alikuwa mlangoni mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi viatu. Nywele zilikuwa zimeota tena. Alipoonyeshwa picha hakukimbia. Alizima kinu, akapangusa mikono kwenye aproni.

"Ndiyo, mimi niliuza. Ni yangu."

"Shangazi yako anasema ni ya mumewe."

"Ilikuwa yake. Ikakuwa yangu. Madam, siwezi kuiba kitu changu, hata ukinifunga pingu hapa hapa. Mimi ni omwiwana. Mpwa. Mjomba akienda, mpwa ana fungu lake, na hakuna mtu wa kulikataa."

"Akienda wapi?"

Wanyonyi akamtazama kama anayetazama mgeni wa mbali. "Si akifa!"

Fardosa aliuacha uso wake ulivyokuwa. "Hili fungu haliwezi kutolewa mtu akiwa bado mzima? Labda ameenda safari ndefu?"

"Ati akiwa mzima? Wewe umezaliwa Bungoma hii ama wapi? Ukimpatia mpwa vitu vya mjomba na mjomba bado anapumua, unamwitia kifo. Hakuna mtu anaweza. Hata mlevi hawezi."

"Nani alikupa?"

"Wakoli." Sasa sauti yake ilipungua. "Aliniita kwake. Akaniambia khocha, mjomba wangu Wekoye, ameshikwa na ugonjwa Uganda, amekufa, amezikwa huko huko. Akaninyoa yeye mwenyewe, nyuma ya nyumba yake. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, alinikata kila mahali. Akanipatia baiskeli, akasema hili ndilo fungu lako, usije ukasema nilikunyima. Nikamuuliza, na shangazi? Akasema shangazi ana moyo dhaifu, ataambiwa baada ya mavuno. Akaniambia niipake rangi, niuze mbali, shangazi asiione akajua vibaya."

"Na wewe ukaamini."

"Si ni mjomba pia!" Machozi yalikuwa yamechora njia mbili kwenye unga. "Wekoye ndiye alinifundisha kuendesha baiskeli, hiyo hiyo, nikiwa mguu haufiki pedali. Nilitaka kuiweka. Lakini ningeiweka wapi na nimeambiwa nisionekane nayo? Niliuza nikiona uchungu, na hiyo pesa sikutaka hata kuikamata."

Hapo kulibaki kitu kimoja ambacho Fardosa hakukielewa, na aliuliza waziwazi. "Wanyonyi, kama Wakoli alitaka kuficha kifo, kwa nini asikunyime tu? Usingejua."

"Mtoto wake alikuwa amelazwa," Wanyonyi akasema. "Mdogo wao. Homa ilikuwa imekataa dawa. Nyumba ikimnyima mpwa haki yake, haitulii. Nafikiri aliogopa."

Basi hilo ndilo lilikuwa. Wakoli hakuwaogopa polisi, hakuwaogopa wazee, hakumwogopa mjane. Alishika simu ya mtu aliyekufa akaitumia kuandika. Lakini homa ya mtoto ilimpiga magoti, akalipa fungu la mpwa kama inavyotakiwa, na kwa kulilipa akawa ametangaza msiba ambao yeye peke yake alijua upo. Ujumbe wa Wekoye wa kukubali shamba liuzwe uliingia mwezi wa tano. Mpwa alinyolewa mwezi wa tatu.

Fardosa akamwandikisha taarifa yote pale juu ya gunia la mahindi, akamsomea, akamwambia atie sahihi. Kisha akampigia Gathii.

"Una nywele na una mila," Gathii akasema. "Mwili uko wapi?"

Ni katika kuulizwa hivyo, kwa ule ubaridi wa Gathii, ndipo Fardosa alipomsikia tena Roselyne ofisini, akicheka kicheko kile. Mtu anauza shamba zima, nyumba ya mjane na mahindi yake, halafu anabakisha kona ya migomba, juu ya choo alichokifukia Februari ile ile. Nani huacha pesa kwa ajili ya migomba?

"Afande, kesho asubuhi uwe Matulo," akasema. "Na uje na majembe."

"Hiyo ni amri, Koplo?"

"Ni ombi. Lakini mimi nitakuwa huko, uje usije."

*

Fardosa alitoka Bungoma alfajiri akiendesha baiskeli ile, na lami ilikuwa na baridi na malori. Pikipiki zilimpita zikimpigia honi. Kwenye mlima wa kuelekea Webuye mapafu yalitaka kumtoka, akashuka, akasukuma, akapanda tena. Angeweza kuomba baiskeli ibebwe kwenye gari la kituo. Hakutaka. Mtu alikuwa ameondolewa kwake na watu wakaambiwa alitoroka juu ya chuma hiki, na Fardosa aliapa kitarudi kwa lango la mbele, mchana, magurudumu yakizunguka.

Boma la Wekoye lilikuwa limejaa. Mpimaji alikuwa amesimika mashine yake ya miguu mitatu katikati ya mahindi, vigingi vyeupe vimeanza kupigwa. Mnunuzi alikuwa na koti zuri. Liguru, mzee wa mtaa, alikuwa ameketi na wenzake kwenye viti vya kukodi. Roselyne alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake, miguu ameinyoosha, na hakuna aliyekuwa amethubutu kumruka. Wakoli, mtu mnene mwenye sauti tamu, alikuwa akimwambia mpimaji aendelee tu, mama huyu atachoka.

Gari la polisi lilisimama njiani. Gathii akashuka, nyuma yake askari wawili na majembe, na Wanyonyi. Alipoiona baiskeli akakunja uso.

"Kielelezo cha mahakama, Koplo, unakipanda?"

"Kinajua njia ya kwao, Afande."

Akaisukuma mpaka katikati ya uwanja, akaisimamisha kwa stendi yake. Roselyne akainuka. Fardosa alimtazama akitaka kumwambia kwanza, pembeni, lakini Roselyne alitikisa kichwa.

"Nimejua tangu jana nilipoishika," akasema kwa sauti ya chini. "Wekoye hangeiachilia akiwa mzima. Wewe wafanye wengine wajue."

Fardosa akamgeukia Wakoli. "Bwana Wakoli, pole kwa kazi. Ndugu yako yuko hai?"

"Yuko hai, madam. Ako Kampala. Ujumbe wake ndio huu."

"Wasomee wazee."

Wakoli akasoma kwa madaha, akiinua simu juu. "'Kaka, uza shamba, mimi sirudi huko. Ni Wekoye.'"

"Wa lini?"

"Mwezi wa tano."

"Wazee, mmesikia. Mwezi wa tano, kwa kauli ya kaka yake, Wekoye alikuwa hai." Akaigeuza baiskeli ili karia yenye mpira imtazame Wakoli. "Hii unaijua?"

"Baiskeli ni nyingi dunia hii, bana."

"Huyu naye?" Wanyonyi alikuwa amesogea mbele. "Mwezi wa tatu ulimpa baiskeli hii. Ulimpa kama nini?"

Tabasamu la Wakoli lilibaki mdomoni, lakini macho yalikuwa yameshaondoka. "Mpwa wangu. Nilimpatia tu. Zawadi."

"Ulisema ni fungu langu!" Wanyonyi akapaza sauti. "Ulininyoa kwa wembe! Uliniambia khocha amezikwa Uganda. Nilikulilia mikononi, Wakoli, ukaniambia nyamaza!"

Liguru alivua kofia yake polepole, akaiweka juu ya goti, na wazee wengine mmoja mmoja wakavua zao. Mnunuzi wa koti zuri alitazama huku na huku akiuliza kuna nini.

"Wakoli," liguru akasema, "mpwa hapewi fungu la mtu aliye hai. Wewe ulijuaje?"

"Huyu mwanamke!" Wakoli akamlipukia Fardosa. "Mtu wa msikiti, wa mjini, aje atufundishe mila yetu?"

"Sijafundisha kitu, mimi nimeuliza tu," Fardosa akasema. "Mila uliifuata wewe, tena vizuri kabisa. Ulimwibia ndugu yako uhai, jina na shamba. Baiskeli ndiyo ulishindwa kuiba." Kisha akamwita mpimaji. "Vigingi vyako vinaishia wapi?"

Mpimaji akaonyesha kwa kidole. "Pale. Nimeambiwa kona ya migomba haiuzwi hata kwa dawa."

Kila mtu akatazama migomba. Ilikuwa imestawi kuliko migomba yote ya Matulo, majani mapana, mashina manene. Wakoli peke yake hakuitazama. Gathii alimsoma uso kwa muda, na ile adabu yake ya siku zote ikawa ngumu. Akawaashiria askari. Wakavua makoti, wakashika majembe, wakaanza kwenda.

Walipopiga jembe la kwanza, Wakoli akakaa chini, pale pale alipokuwa, kwenye vumbi.

"Chimbeni polepole," akasema.

Mama mmoja akapiga yowe. Gathii akatoa pingu mwenyewe. Fardosa alikuwa amengojea neno kama hilo tangu jana, na sasa lilipotoka halikumpa raha yoyote. Alimtafuta Roselyne kwa macho.

Roselyne hakuwa analia. Alikuwa ameingia kwenye mahindi yake. Aling'oa kigingi cha kwanza, akakitupa miguuni pa mnunuzi. Akaenda kwa cha pili, akaking'oa, akakitupa. Mpimaji alitaka kusema kitu, akaona ni heri akunje mashine yake. Kigingi baada ya kigingi, Roselyne alizunguka shamba lote, leso imemlegea kiunoni, mpaka akarudi uwanjani mikono imejaa udongo. Akasimama mbele ya wazee na majirani, watu wale wale waliokuwa wakimnong'ona kisimani tangu Februari.

"Mmesikia wote?" akasema. "Hakuniacha. Semeni sasa kwa sauti ile mliyonichekea nayo. Wekoye hakuniacha!"

"Hakukuacha, mama," liguru akasema.

"Sikusikia."

"Hakukuacha!" wakasema wengi, na baadhi yao walikuwa wanalia.

Kule kwenye migomba askari mmoja aliinua mkono, na Gathii akaenda kwa hatua nzito. Askari mwingine alikuja kuichukua baiskeli aipakie garini. Ilikuwa nzito, na usukani ukamponyoka. Wanyonyi akaruka kumsaidia, akanyoosha mkono kuidaka kwenye kiti, pale pale alipokuwa ameshika siku ya picha.

Roselyne akaweka kiganja chake chenye udongo juu ya mkono ule, akauondoa bila hasira.

"Bado, mwanangu," akasema. "Tumzike kwanza."